Telesphori Maganga wa Samuye, Mpimaji Aliyejipima wa Mwisho

Paroko wetu, wazee, ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri tangu jana kutoka Geita na Ushirombo: leo ni Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1986, na tuko hapa Samuye kumzika Telesphori Maganga. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Apolonia, mwalimu wa shule ya msingi. Maneno haya nimeyaandika mimi, lakini mambo ya kuandika alinipa yeye mwenyewe mwezi wa sita, akiwa ameegemea mito kitandani, na rasimu aliikagua mara mbili. Mara ya kwanza aliirudisha, akasema nimemsifu mno na ugonjwa nimeupita mbio. Kwa hiyo neno mkojo litatajwa hapa kaburini mara nyingi. Anayeona haya aangalie chini, lakini asiondoke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika boma hili hili, mtoto wa kwanza wa mzee Maganga Mageni na mama yetu Mektilda. Baada yake alizaliwa Januari, kisha mimi. Mama yetu alifariki mwaka 1944, nikiwa na miaka miwili. Mwaka uliofuata baba alimwoa Limi, na huyo ndiye aliyetulea. Mungu hakumjalia mtoto wa tumboni mwake, akatuchukua sisi watatu kama tulivyo, na makamasi yetu. Tulimwita Mayu, yaani mama, na mpaka leo hana jina jingine kwetu.

Kaka alianza kuchunga ng'ombe akiwa na miaka sita. Jua likiwa kali wachungaji waliogelea lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, na masika walishinda kwenye majaruba ya mpunga, maji yakiwa magotini. Alipokuwa na miaka kumi na moja akaanza kukojoa damu, matone machache mwishoni mwa mkojo. Wanaume mliokua naye mnajua kilichofuata. Alishangilia! Siku zile mvulana wa huku asiyekojoa damu alichekwa kwamba bado mtoto, na aliyeanza alihesabiwa kuwa amekua. Baba naye alifurahi, akamchinjia jogoo. Mtu mmoja tu pale nyumbani hakumla yule jogoo. Mayu Limi alisema damu haimtoki mtu bure, akaenda porini kuchimba mizizi, akaichemsha, akamnywesha kwa siku tatu, na akampiga marufuku kwenda lambo. Mizizi ilikuwa michungu sana. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano, nilisimama mlangoni nikamwona kaka akitapika. Lambo hakuliacha.

Alisoma hapa Samuye kuanzia 1946 hadi 1949, kisha shule ya kati mjini Shinyanga, akamaliza darasa la nane mwaka 1953. Hesabu alikuwa wa kwanza, kuimba alikuwa wa mwisho. Hilo la pili aliendelea nalo kanisani maisha yake yote, na kwaya mnaweza kushuhudia.

Mwaka 1955 alipata kibarua Mwadui, kufagia hospitali ya mgodi. Mpimaji wa pale, mzee Pantaleo, alimwona kila siku akichungulia mlangoni na fagio lake. Siku moja mwaka 1956 alimwita aweke jicho kwenye hadubini. Kwenye kioo kulikuwa na kiyai chembamba chenye mwiba mmoja mkiani. Kaka akauliza mkojo ule ni wa nani. Akaambiwa ni wake mwenyewe, aliouacha asubuhi ile wafanyakazi wote walipopimwa, na kwamba ugonjwa huo unaitwa kichocho, na unatoka kwenye maji ya lambo na majaruba. Aliniambia kwamba alisimama pale akawahesabu wenzake wote wa machungani, mmoja mmoja kwa jina, na baba na jogoo wake pia.

Alichomwa sindano kwa wiki kadhaa, sindano za zamani zile za kumtapisha mtu nyongo, kisha akaambiwa amepona. Alipona kweli, kwa mwaka ule. Hapo ndipo kosa lake lilipoanza, na yeye ndiye aliyetaka niliite kosa: kuanzia siku hiyo alijihesabu mtu aliyemalizana na kichocho. Na kila mwezi wa kwanza, popote alipokuwa, aliomba likizo akarudi Samuye kupandikiza mpunga kwenye majaruba ya baba, miguu mitupu, maji magotini. Wagonjwa aliwakataza maji yale kwa ukali. Yeye aliingia, kwa sababu jaruba lilikuwa la baba yake, na mtoto wa kwanza haachi jaruba la baba likaota majani.

Mwaka 1962 alichaguliwa kwenda mafunzo ya upimaji Mwanza. Alirudi mwaka 1963, akafanya kazi hospitali ya Shinyanga hadi 1968, kisha akahamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Geita, akakaa huko miaka kumi na sita. Alipima malaria na minyoo kama wenzake, lakini jina alilipata kwenye mkojo. Mgonjwa akilalamika kiuno au maumivu ya kukojoa, kaka hakuikimbilia hadubini. Aliuliza kwanza. Damu inatoka mwanzoni, katikati, au mwishoni? Asubuhi uso unavimba? Mkojo ni mwingi au umepungua? Kisha aliutazama kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa, akaumimina kidogo kwenye mrija wa kioo na kuuchemsha juu ya taa ya spiriti. Ukiingia wingu jeupe, alidondoshea asidi. Wingu likitoweka, ni chumvi tu, si neno. Likibaki, ni protini, na protini ikivuja, figo zina jambo. Baada ya hapo ndipo aliuzungusha kwa mashine ya mkono, akachukua masimbi yaliyotuama chini, akaangalia kama kuna usaha, damu, au mayai.

Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, hasa mwili ukiwa umechemka. Basi kaka aliwataka wagonjwa wake waje saa sita, wakimbie kuzunguka jengo, ndipo watoe mkojo. Watu walikiita kituo kile Mchakamchaka. Mzee Ansgar uliyeketi hapa mbele, ulikwenda pale mwaka 1971 ukiwa mwenyekiti wa ushirika, na koti, na kalamu mbili mfukoni, ukazungushwa raundi tano kama mtoto wa darasa la kwanza. Mayai yalionekana. Najua unacheka, na marehemu alitaka ucheke.

Wachimbaji wa dhahabu walikuwa na ugonjwa wao. Walishinda shimoni wakivuja jasho bila kunywa maji, na wengi walifanya vijiwe kwenye figo. Mmoja aligaagaa siku mbili kwa maumivu ya ubavu mpaka kijiwe kikatoka na mkojo, cha rangi ya manjano, kikubwa kama punje ya mtama. Alipokileta kwa kaka alikuwa ameshakipitisha kwanza kwa mnunuzi wa dhahabu. Kaka alimwambia mzigo huo hauna soko, anywe ndoo ya maji kila siku. Yule bwana alipona, na aliendelea kukitunza kijiwe chake kwenye kibiriti.

Tarehe 26 Septemba 1964, huko Ushirombo, marehemu alifunga ndoa na Salvina binti Tarsisi. Walijuana maabara. Wifi alikuwa amekuja Shinyanga kwa shangazi yake, akapata homa na mkojo wa kuchoma kama pilipili. Kaka aliuangalia akaona usaha umejaa, akatoka na karatasi ya majibu, na neno la kwanza alilomwambia mke wake katika dunia hii lilikuwa "unywe maji." Wifi akamjibu kwamba kwao Ushirombo wanaume huanza na salamu. Alitibiwa, akarudi kupimwa mara ya pili, mkojo ukawa safi, na kaka hakutuma wazee mpaka alipoiona karatasi hiyo ya pili. Hili wifi hajamsamehe hadi leo. Walijaliwa watoto watatu, Donatus, Theopista na Zipora.

Sasa nifike kwenye kichupa. Kule Geita, dirishani mwa maabara, kila asubuhi kaka aliweka kichupa cha mkojo wake mwenyewe, mweupe wa manjano kidogo. Mkojo wa mgonjwa aliushika kando yake ili watu waone tofauti ya rangi. Aliwafundisha wapimaji wapya hivyo: huu ni wa mtu mzima mwenye afya. Kwa miaka kumi na mmoja kichupa kile kilikaa pale, na kwa miaka yote hiyo hakuuchemsha wala kuuweka chini ya hadubini hata siku moja. Aliutazama tu kwa macho. Alikuwa ameshapona, autafutie nini?

Mwezi Mei 1979 alikuwepo mwanafunzi aitwaye Klara, siku yake ya tatu kazini. Kaka alitoka kidogo, na Klara, akitaka kujizoeza kuchemsha bila kupoteza mkojo wa mgonjwa, akachukua kile kichupa cha dirishani. Mrija ukaingia wingu zito. Kaka aliporudi alimwambia mrija ni mchafu, auoshe. Akauosha, akarudia, wingu likawa lile lile. Kaka akamwambia adondoshee asidi. Lilibaki. Klara yuko hapa leo, ndiye aliyevaa kitambaa cha bluu, na ameniruhusu niseme kwamba aliogopa kufukuzwa, akaanza kulia. Kaka hakumfukuza. Alimwomba ampishe kiti, akaangalia mwenyewe kwenye hadubini, akaviona vile viyai vyenye mwiba, vichache, vingi vikiwa vimekufa, na damu isiyoonekana kwa macho. Akafungua daftari la majibu akaandika: T. M., mwanamume, miaka 43, kichocho, protini nyingi. Kisha akafunga maabara mchana ule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alikwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Walimtoa damu wakakuta uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa umeanza kubaki mwilini. Walimpiga picha, kwanza bila dawa, na kibofu kikaonekana chenyewe, kimezungukwa na chokaa kama ganda la yai. Wakamchoma dawa ya kuonyesha figo, wakapiga tena. Mrija wa kulia ulikuwa umeziba kwa makovu, na figo yake imevimba kwa mkojo uliokosa njia, imekufa. Wa kushoto ulikuwa umebana. Daktari alimweleza bila kuficha: wadudu wanauawa kwa vidonge, lakini makovu yao hayana vidonge. Mwaka 1980 walimpasua upande wa kushoto kuupanua mrija, na upasuaji ule ulimpa miaka sita. Alirudi kazini. Kichupa cha dirishani alikivunja mwenyewe, na mwanafunzi yeyote aliyekuja baadaye, kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kujipima.

Mwaka 1984 nguvu zilimwishia, akaacha kazi na kurudi hapa nyumbani. Wafanyakazi wenzake walimpa zawadi ya kumuaga, hadubini kuukuu ya kutumia kioo na jua, iliyokwisha kuondolewa kazini. Miguu ilivimba, na asubuhi uso. Ngozi ilimwasha usiku na mchana ingawa haikuwa na upele. Alitapika, alipata kwikwi za siku nzima, na pumzi yake ikawa na harufu ya mkojo. Yote hayo ni dalili za figo zilizoshindwa kazi, naye alitueleza moja baada ya nyingine kabla hazijafika. Tulimsikia. Kumsikia ni jambo moja, kukubali ni jingine.

Ndugu zangu, hapa rasimu yangu ya kwanza iliruka, naye akairudisha. Nitasoma kama alivyotaka.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kwenye mashine ya kusaga, wanawake waliniuliza kaka yangu ana nini, mbona anajikuna hivyo na hana upele. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira na ule ugonjwa. Nikasema: "Mimi sijui, ila Limi alimnywesha mizizi utotoni, nilimwona akitapika." Nilisema hayo tu, nikachukua unga wangu nikaenda zangu. Mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto wenu habari za konokono na kichocho ubaoni, na picha nawachorea!

Neno lile halikukaa mashineni. Kufikia Pasaka lilikuwa limeshafika kwa mganga wa kuagua, naye akasema kaka amerogwa. Watu wakakumbuka kwamba Limi hana mtoto. Wakakumbuka kwamba macho yake ni mekundu, eti alama ya mchawi, kana kwamba hawajui kwamba ana zaidi ya miaka sitini na anapikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe kama bibi zenu wote. Mwezi wa sita alikuta miiba imefungwa mlangoni pake, na vijana wakamwambia awe ameondoka kabla ya mpunga kuuzwa. Ninyi nyote mnajua, nami najua, mambo yaliyowapata kina mama wengine wa huku waliokutwa na miiba mlangoni. Baba alikwisha kufariki, na Mayu hakumwambia mtu. Aliendelea kuja kila asubuhi kumkanda kaka miguu. Donatus ndiye aliyeiona ile miiba, akamwambia baba yake.

Jumapili tarehe 29 Juni, baada ya misa, marehemu aliomba atolewe nje na hadubini yake iwekwe juu ya kinu, kioo kikielekea jua. Akawaita wanaume tisa kwa majina, wale waliokuwa wakisema sana. Walikuja, maana ni vigumu kumkatalia mtu anayekufa. Saa sita aliwakimbiza kuzunguka zizi, watu wazima na heshima zao, kisha kila mmoja akatoa mkojo wake kwenye kikombe chake. Mashine ya kuzungusha hakuwa nayo, akaacha vikombe vitulie, akachukua masimbi. Ilimchukua mpaka saa kumi, na mara mbili ilibidi alale chini. Saba kati ya tisa walikuwa na mayai, na kila mmoja aliangalia yake kwa jicho lake mwenyewe. Kisha kaka akasema:

"Mliyekuwa mnamtafuta ni huyo, mwenye mwiba mkiani. Hakutoka kwa Mayu. Alituingia miguuni tukiwa watoto, na mtu pekee aliyesema huu ni ugonjwa ni Mayu, nasi tukala jogoo."

Walipoondoka aliniita mimi. Alijua neno lilitoka wapi, sijui nani alimwambia. Nilijitetea kwamba sikumtaja mtu kuwa mchawi, kwamba nilisema nilichokiona tu, na nilichokiona kilikuwa kweli. Akaniacha nimalize. Halafu akasema:

"Mizizi ilikuwa michungu, ndiyo. Ila ulisema nusu ya majibu, Apolonia. Utakwenda kusoma nusu nyingine, wewe mwenyewe, siku nitakayozikwa, maana siku hiyo watu wote watakuwepo."

Tangu tarehe 4 mwezi huu hakututambua tena. Paroko alimpaka mafuta matakatifu Jumanne. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Agosti 1986, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, akiwa na miaka hamsini. Wifi Salvina alikuwa amemshika mkono, na Mayu Limi alikuwa miguuni pake, akimkanda.

Basi nasoma nusu iliyobaki. Kaka yangu Telesphori aliuawa na kichocho kilichoharibu kibofu na figo zake. Alikipata hapa Samuye, kwenye maji yetu. Mizizi haikumdhuru, na aliyempa alimpa kwa upendo. Neno la uongo lilitoka kinywani mwangu, nililisema nikiwa na akili timamu, na nimelijutia kila siku tangu mwezi wa sita. Mayu, nakuomba msamaha mbele ya hawa wote. Nanyi mlioliokota neno langu, naliomba mnirudishie. Mtu akilisema tena kuanzia leo, asiseme amelisikia kwangu.

Wale saba: vidonge viko zahanati ya Tinde, nimeshauliza. Jumatatu. Majina yenu ninayo.

Marehemu ameacha mjane, Salvina, watoto watatu, Donatus, Theopista na Zipora, mdogo wake Januari, mimi, na wanafunzi wa upimaji ambao kaka aliwahesabu mpaka ishirini na sita. Na ameacha mama. Kwa desturi yetu mama ndiye wa kwanza kumtupia mwanawe udongo, na mama wa marehemu huyu nimemwona ameketi peke yake nyuma kule, karibu na ghala, mahali pa mtu anayejiandaa kukimbia. Donatus, mpelekee bibi yako kiti, umlete hapa mbele.

(Hapa msomaji atangoja mpaka Mayu Limi aketi.)

Kaka, majibu yote yamesomwa. Lala salama kwa Bwana.